Ekseli ya Uchindile na Safari ya Kidatu

Jamani, leo nimeadhirika. Naandika mwenyewe kabla hamjaletewa video.

Mnanijua. Mimi ndiye Baba Asha wa mashine za kukoboa. Darasa la nne sikulimaliza (mimi na mwalimu hatukuelewana kuhusu hesabu), lakini kuanzia Michenga mpaka hapa Ifakara mjini, nani hajakoboa mpunga kwangu? Nilianza na baiskeli ya kubebea magunia. Leo nina gari dogo jeusi lenye injini ya turbo. Fundi anasema lina nguvu za farasi mia tatu. Mia tatu! Nikiliwasha, kuku wa jirani wanaacha kutaga.

Tatizo lilikuwa nyuma. Mbele farasi mia tatu, nyuma ekseli ya kiwandani iliyotengenezewa mtu mpole anayekwenda sokoni na kurudi. Ukikanyaga mafuta tu, kah! Imekatika.

Na nyuma ya tatizo la ekseli kuna Zuhura.

Zuhura ni yule mwenye duka la vitambaa kando ya barabara kuu. Mjane, watu wao asili yao Kilwa. Na mimi mke wangu alishatangulia mbele za haki, Asha ameolewa, na ile nyumba yangu kubwa mnayoisifia, usiku sauti iliyomo ni ya friji peke yake. Basi jioni nikifunga mashine napita dukani kwa Zuhura. Nanunua sindano. Nanunua uzi. (Sijui kushona hata kifungo. Nyumbani nina uzi wa kushonea wilaya nzima.) Nasimama tu nimwone anavyopima kitambaa, anakivuta kutoka ncha ya vidole mpaka puani, halafu anaongeza kipande cha bure bila kumtazama mteja. Natoka pale nimeshiba, kama mtu aliyekula.

Ameshanikubali nusu. Nusu nyingine iko Kidatu kwa mama yake mkubwa aliyemlea, ambaye ndiye mwenye neno la mwisho. Lazima niletwe mbele yake, anitazame, aridhike. Tumejaribu kwenda. Safari ya kwanza ekseli ilikatika hatujatoka mjini. Ya pili ikakatika tumeshaanza kuiona miwa, Zuhura akarudi kwa bodaboda huku ameshika mtandio kwa meno. Aliposhuka aliniambia maneno machache tu: "Baba Asha, sipandi tena mpaka hilo gari lipate miguu."

Nikaanza kutafuta miguu.

Sasa sikilizeni. Watu wa mjini wanachagua ekseli kwa kusoma namba. Mimi nachagua kwa magunia. Fundi Mponda aliniletea ekseli kutoka kila kona ya vyuma chakavu. Kila moja niliilaza juu ya magogo mawili, nikapanga magunia ya mchele juu yake. Moja ilipinda kama mzee anayeumwa kiuno. Nyingine ilivunjika, tukaokota mchele mpaka jioni. Ndipo ikaja moja kutoka Uchindile, ya gari kubwa lililokuwa likishusha magogo milimani. Nene kama paja langu! Nikapanga magunia mpaka yakagusa bati la ghala. Kimya. Haikunung'unika.

"Hii," nikasema, "hii ina moyo wangu."

Ilikuwa na kasoro moja ndogo. Difu, yaani lile bonge la katikati ambamo propela, ule mtaimbo unaotoka kwenye injini, inaingia, lilikaa upande wa kulia. Kwenye gari langu kulia kuna tenki la mafuta. Nafasi iko kushoto.

"Igeuze chini juu," nikamwambia Mponda. "Bonge litahamia kushoto."

"Chini juu, bosi?"

"Gunia la mchele ukiligeuza chini juu, linakuwa unga?"

"Hapana, bosi."

"Basi geuza."

(Jibu hilo nililiona tamu sana. Nimelirudia kwa watu wengi wiki hii. Nawaomba walisahau.)

Mponda alipomaliza akataka tulijaribu. Nikakataa katakata. Nilikuwa nimeshaapa kwamba gari hili na miguu yake mipya halitakwenda hatua moja kwa injini yake mpaka Zuhura awepo. Nilitaka aone kitu kikianza. Mkinicheka kwa hilo, chekeni, lakini mtu wa umri wangu hapati vitu vingi vya kuanza.

Basi asubuhi ya leo tumelisukuma. Vijana wa mashine wanasukuma, mimi ndani nashika usukani, shati jeupe, manukato, nawapungia watu mkono. Magurudumu ya nyuma yametokeza nje kama miguu ya chura. Wanauliza, "Baba Asha, limeharibika?" Najibu, "Linaletwa kwa heshima!"

Tukafika dukani. Zuhura ametoka. Jamani. Baibui jipya, udi umetangulia mbele yake, mkononi kikapu cha zawadi za mama mkubwa. Ameshafunga duka. Kwa ajili yangu amefunga duka siku ya gulio! Moyo wangu ulipiga resi kabla ya injini.

Nikashuka kumfungulia mlango. Kiti kile cha mbele hajakikalia mtu mwingine tangu alipokikalia yeye. Nakifuta vumbi mwenyewe.

Akasimama pembeni. "Kwanza litembee nilione."

"Wewe panda tu, mama."

"Baba Asha. Litembee."

Nikaingia. Nikawasha. Ngurumo! Mama muuza maandazi akaziba masikio. Nikapiga resi mara ya kwanza, ya pili, nikamtazama Zuhura kupitia dirishani, nikamtabasamia lile tabasamu nililolifanyia mazoezi. Nikaweka gia namba moja. Nikaachia klachi.

Gari likaruka kinyumenyume.

Nikajua nimekosea gia, nimeingiza rivasi. Hutokea, hata kwa madereva wakubwa. Nikatoa haraka, nikaweka namba mbili.

Likarudi nyuma kwa kasi zaidi!

Farasi mia tatu, na wote wamegeuka! Nikapita juu ya turubai la mpunga ulioanikwa, mpunga ukaruka kama mvua, watu wakaruka kama mpunga. Mimi nimeshika usukani, natazama mbele, na Zuhura anazidi kuwa mdogo, mdogo, mdogo, na kikapu chake. Halafu puuu. Mtaro. Makalio ya gari ndani ya maji machafu, pua inatazama mawinguni.

Mpunga nitaulipa, na mwenye mpunga tumeshaongea. Hakuna aliyeumia, isipokuwa mimi, na pale nilipoumia hapafungwi bandeji.

Nikatokea dirishani. Shati jeupe halikuwa jeupe tena. Simu zote za Ifakara zilikuwa hewani zinanitazama. Zuhura akavuka barabara. Nilidhani atanitukana. Alikuwa anacheka, anacheka mpaka ameshika mbavu, na hata pale, ndani ya tope, nilisema moyoni: kumbe anacheka hivi. Ningejua ningetumbukia mapema.

Wakati huohuo basi la Kidatu likaja. Akalipungia, likasimama.

"Twende," akaniambia.

"Twende wapi?"

"Kidatu. Panda basi."

"Mimi? Mimi nipande basi?"

"Mama mkubwa anamsubiri mgeni, hasubiri gari."

"Zuhura, nina tope."

"Tope linafutika."

Konda naye: "Mzee, unapanda au unapozi?" Watu wakacheka. Nikatazama simu zile. Nikatazama pua ya gari langu juu mawinguni. Kiburi kikanipanda badala ya mimi kupanda basi. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Tangulia. Nitakupita njiani."

Zuhura hakucheka tena. Alinitazama kidogo, akapanda. Basi likaondoka, na mimi nikabaki nanusa udi uliochanganyika na moshi.

Aliyenitoa mtaroni ni Masanja, yule jirani Msukuma, kwa ng'ombe wake wanne wa kulimia. Wakavuta taratibu, wanatafuna, kama wanavuta kitanda.

"Baba," akaniuliza kwa upole kabisa, "umesema hawa farasi ni wangapi?"

Nikajifanya nakamua shati.

Mponda akafika anahema. Akalala chini ya gari, akatoka. "Bosi, ekseli nzima! Haina hata mkwaruzo!" Ndipo akanieleza kwamba difu ukiigeuza chini juu, na magurudumu yanageuza mzunguko. Sasa nina gia tano za kurudi nyuma na moja ya kwenda mbele. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema alitaka kusema, ila nilishaanza habari za gunia.

Jioni hii Zuhura amepiga simu. Nyuma yake nilisikia vyombo na sauti ya mama mtu mzima.

"Mama mkubwa ameuliza mgeni yuko wapi," akasema.

"Ukamwambiaje?"

"Nimemwambia yuko njiani. Nitalala huku, nitaondoka kesho jioni." Wala hakukata simu haraka.

Kwa hiyo nauliza hapa, na naomba jibu la kiungwana bila vicheko: anayejua basi la kwanza la Kidatu kesho linaondoka saa ngapi aniambie, na kama viti vimejaa, mwambieni konda nitasimama.