Vidonge Nilivyompelekea Mama wa Cynthia

Jumatatu, 3 Machi 2025
Mama Jepkosgei, mamake mpenzi wangu Cynthia, ameanza kemo. Saratani ya titi. Cynthia analia kila nikimpigia. Naona huruma sana. Pia naona nafasi! Mama hajawahi kunikubali. Anamtaka Edwin, mwenye ng'ombe wa maziwa kule Moiben, awe mkwe wake. Sawa. Edwin ana ng'ombe. Mimi nina sayansi. Nafundisha Biolojia kidato cha pili!

Jumanne, 4 Machi
Nimesoma hadi macho yakauma. Mitokondria ni injini za seli. Injini zikifanya kazi hutoa moshi, yaani kemikali kali zinazounguza seli kutoka ndani. Kumbe kuna vidonge vya kuzima moshi huo! Antioksidanti. Nimenunua vya dozi kubwa. Seli safi, Mama mzima, harusi Desemba.

Jumatano, 5 Machi
Nimempata Edwin amefika kabla yangu, na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando. Ameketia kiti ninachopenda. Nimemweleza Mama habari za injini na moshi. Ameniita mwanangu! Edwin akauliza kama daktari anajua. Wivu tu. Mama amemeza viwili hapo hapo.

Ijumaa, 7 Machi
Aibu. Mama ameenda kliniki, akaulizwa anatumia dawa gani zingine. Akatoa chupa kwa fahari. Akasema ni za mwalimu wake. Daktari Sumeya akaniita.

Hakupiga kelele. Alinieleza polepole, kama ninavyoeleza kidato cha pili. Seli nyingi za saratani tayari zinaishi na moshi mwingi. Baadhi ya dawa za kemo, kama ya Mama, huzidisha moshi mpaka seli ishindwe, ife.

"Sasa wewe, Mwalimu, unaipelekea maji ya kuzima moto," akasema. "Huenda unamwokoa adui."

Matunda na mboga, sawa. Vidonge vya dozi kubwa, hapana, mpaka yeye mwenyewe aseme. Nikauliza kama nimeshaharibu. Akasema labda hapana. Labda!

Cynthia alikuwa ananingoja kwenye korido.

"Lazarus, huyu ni mamangu. Si maabara yako."

Hajashika simu tangu hapo.

Jumapili, 9 Machi
Nimeenda kuomba msamaha. Mama ametapika tangu asubuhi. Amekonda hata shingoni. Edwin alikuwa amemshikia beseni, bila kukunja uso. Sikuwahi kumfikiria Edwin na beseni.

Nimesema pole, Mama. Akanipapasa mkono, akaniambia niketi, anajua nilitaka kusaidia. Nimetoka nje, nikalia nyuma ya tangi la maji. Nimeapa: sitampa Mama ushauri tena. Kamwe! Daktari ndiye mwenye kazi hiyo.

Jumanne, 11 Machi
Nimesoma kidogo tu. Jambo la ajabu! Mtu akifanya mazoezi, misuli yake hutengeneza mitokondria mpya. Injini mpya kabisa! Huu si ushauri. Ni zawadi. Nimemnunulia Mama raba nyekundu za kukimbilia na kumpigia kocha mmoja wa kambi ya riadha ya Kaptagat, anaitwa Kipkirui. Ameuliza mwanariadha wangu hukimbia kilomita kumi kwa muda gani. Nimemwambia ndio anaanza. Mimi na Mama tunaondoka Jumamosi alfajiri. Edwin asijue.