Mkono Ulio Pembeni mwa Picha

Jumatatu, 3 Agosti 2015. Bwera.
Balaa! Nobert wa duka la simu amekwenda kwa Mzee Blasio, akamwambia kuwa Kasese mjini kuna studio yenye kompyuta inayovuta picha. Si kuikuza. Kuivuta! Unaona hata kilichobaki nje ya ukingo. Mzee kanipigia simu, kafurahi kama mtoto. Anataka picha ya sebuleni kwake ivutwe kabla ya Jumamosi, siku nitakayokwenda kwao Bulembia kujitambulisha rasmi kama mchumba wa binti yake, Enid. Nilicheka naye hadi taya zikauma.

Picha yenyewe ni ya mafuriko ya mwaka juzi. Mama Enid yuko majini hadi kifuani, macho yamejaa tope, na mkono mmoja mnene unatokea ukingoni, umemshika. Mwenye mkono haonekani. Tangu mwaka jana mwenye mkono ni mimi. Nilisema hivyo siku moja tu, wakanichinjia kuku, ikawa hakuna tena njia ya kurudi nyuma. Ukweli? Siku ile nilikuwa hapa Bwera, nimelala.

Kompyuta ikivuta, itamtoa nani? Kwaheri Enid. Na Nobert anamtaka Enid tangu zamani, mshenzi yule.

Jumanne, 4 Agosti.
Kazi yangu ni kukimbiza karatasi za maajenti wa forodha pale mpakani Mpondwe. Leo nimepeleka karatasi za samaki kwenye lori la mbao. Dereva kanitukana mimi na ukoo wangu.

Nimejaribu kufikiri kisomi. Picha ni karatasi, na karatasi ina mwisho. Lakini kwenye simu ukitanua vidole viwili, kitu cha mbali kinakuja karibu. Kama kinaweza kuja mbele, nini kitakizuia kuja kutoka pembeni?

Nikamuuliza Kathembo, mpagazi kutoka ng'ambo, ajuaye yote. Akasema kwao kuna mashine ilivuta picha ya bwana mmoja mpaka ikamwonyesha bibi wa pili nyuma ya mlango. "Foto haisahau mutu, Tsongo," akaniambia. "Inamufichaka tu." Jasho lilinitoka hadi soksi.

Jumatano, 5 Agosti. Kasese.
Nimekwenda studio mwenyewe. Mwenye studio anaitwa Semakula. Picha ya Mzee tayari iko mezani kwake! Nikamuuliza, kwa sauti ya mtu asiye na haraka, kama kweli kilicho nje kinaweza kuonekana. Akasema ndiyo, bila shida. Nikavuta kiti, nikakaa. Halafu akaniuliza kama nimemletea picha ya mtu wa kuweka pale.

Kumbe! Kompyuta haioni kitu. Inashona tu, kama fundi anayeongeza kitambaa kwenye gauni lililobana. Kilichobaki nje siku ile kimebaki nje milele, Semakula mwenyewe amekiri. Nilitaka kumkumbatia. Nikampa picha yangu pekee ya mwili mzima, ya harusi ya binamu yangu. Akauliza kama suti si tatizo. Nikamwambia asihoji, ashone.

Ijumaa, 7 Agosti.
Nobert ananitabasamia. Kwa nini? Nimesikia amemwomba Semakula aisafishe picha yote ing'ae, hata vinyweleo vionekane. Sijui ana lengo gani. Silipendi tabasamu lile.

Jumamosi, 8 Agosti. Bulembia.
Turubai limejaa wageni. Enid kavaa gomesi ya kijani, mzuri hadi nikasahau uongo wangu. Mzee akavuta shuka lililofunika picha.

Niko pale juu ya jiwe la mto. Suti kavu, ua kifuani. Mkono wa kulia umeshika chupa ya soda, wa kushoto uko mfukoni. Na ule mkono mnene unachomoza mbavuni.

Shangazi yake Enid, Phionah, akahesabu mikono kwa sauti. Mitatu! Mzee akasema Mungu akitaka kuokoa hashindwi kuongeza mkono. Wakapiga makofi! Nikaanza kupumua. Ndipo Nobert akaonyesha kovu kwenye mkono ule, refu, chini ya kiwiko, linang'aa sasa kama taa. Akaniomba nikunje mkono wa shati. Nikasema naona baridi. Jua lilikuwa la kuchoma utosi.

Huko nyuma mtu akaweka sahani chini. Afande Ojara wa kambi ya askari ya jirani, aliyekuja kwa ajili ya nyama tu. Akaja hadi kwenye picha. "Nani naweka mkono yangu kwa huyu raia?" akafoka. "Hii mkono iko yangu!" Akakunja mkono wa shati. Kovu lile lile. Akasema siku ile alitoa watu wengi majini na hakuuliza mtu jina.

Mama Enid akaja mbele. Aliushika mkono ule kwa mikono yake yote miwili, akalia. Wiki nzima nilikuwa na hofu. Pale nikaona aibu, na aibu ni mbaya zaidi.

Enid akanivuta pembeni. Nilingoja kofi. Akasema moyo wake ulinikubali siku nilipombebea gunia la mihogo kutoka sokoni, kabla sijataja mafuriko. "Nilikupenda ukiwa na mikono miwili tu, Tsongo," akasema. Akaniambia niende zangu.

Jumapili, 9 Agosti. Bugoye.
Nimelala kwa dada yangu. Bwera siwezi kurudi, aibu bado mbichi. Nimelia. Nimekwenda kanisani, nimetubu kwa dhati. Uongo ni kitu kibaya sana, hasa ukiwa na kovu.

Kosa langu lilikuwa kuchagua mkono. Mkono una alama. Baada ya ibada nimepita kwenye ofisi ya chama cha kahawa, ukutani kuna picha ya vijana waliojenga kile kivuko cha miti ambacho Mzee Blasio hukisifu kila siku. Pembeni kabisa, ukingoni, kuna kiatu. Mwenye kiatu haonekani.

Nimekitazama sana. Ni saizi yangu. Kesho asubuhi niko kwa Semakula, na safari hii nitapiga picha mpya, bila soda.