Kuhusu Mto, Salamu na Supu ya Burrandool

Anderlecht, Brussels
9 Juni 1996

Ndugu Mhariri wa kijitabu cha kuwakaribisha wageni Burrandool, ambaye pia ni mdogo wangu wa tumbo moja, Donat,

Tumepokea kijitabu ulichotutafsiria kuhusu huo mji wako wa Australia, wenye watu mia nane na mto mmoja. Maman amekisoma mara nne. Bon, sasa amepanga nguo zake kwenye valizi, anasema anakuja kuishi kwako. Kwa heshima zote, ninalalamika.

1. Umeandika kwamba mgeni anaruhusiwa kukaa kando ya mto siku nzima. Huo ni uchokozi. Brussels nayo ina mto, ila wenyewe waliufunika wakapitisha barabara juu, na sisi tumenyamaza. Jumamosi Maman alisimama katikati ya mji akigonga lami kwa mwavuli, anautafuta. Aibu niliyopata!

2. Umeandika kwamba huko kila mtu humsalimia kila mtu. Maman akajaribu kwenye lifti yetu. Mzee wa ghorofa ya tano, jirani yetu kwa miaka sita sasa, alishuka ghorofa ya pili akamalizia kwa ngazi. Umemtisha mzee wa watu bure.

3. Eti mgeni akiugua, mji mzima humletea supu. Hapo umezidi, alors! Mwezi wa pili nililala na homa siku tisa. Hakuna aliyenibishia hodi isipokuwa maman huyo huyo unayeniibia. Akiondoka, nitabaki na nani?

Donc nakuagiza, kama kaka yako mkubwa, ukichape upya. Weka nyoka. Weka nzi, wawe wengi. Weka mafuriko, na picha ya ng'ombe juu ya paa. Andika kwamba watu wa huko wanapitana kimya, kama watu wa mji wowote wenye heshima zake. Mto uondoe kabisa.

Nisalimie mkeo Anaïs, watoto, na hao mia nane mmoja mmoja, maadamu wamezoea.

Kaka yako mwenye uchungu,
Florent

Nyongeza: Nimemwambia Maman habari ya nyoka. Amesema basi hasafiri peke yake. Likizo yangu inaanza tarehe tano Agosti; tutafutieni vitanda viwili. Tangu juzi ninamsalimia yule mzee wa ghorofa ya tano kila asubuhi, najizoeza.