Daftari Nyuma ya Ripoti za Nyuki

Jumatatu, 2 Hidari
Mkurugenzi kamsifu Yeshimebet tena, mbele yetu sote. Eti daftari la zamu, tunamoachiana ujumbe wa kazi, halijawahi kupendeza hivi. Mwandiko! Maktaba nzima ya Addis haina jambo lingine la kusifu? Saa kumi wamekwenda kunywa kahawa chumba cha kujalidi vitabu. Mimi siendi tangu walipoucheka waraka wangu wa kurasa tisa. Nimelichukua daftari, hata sikulifungua, nikalitumbukiza nyuma ya ripoti za ufugaji nyuki. Hapo hapajaguswa tangu enzi ya mfalme.

Jumanne, 3 Hidari
Yeshimebet anahaha kulitafuta daftari. Ameniuliza kama niliuona ujumbe wake wa jana. Nimemjibu nimeusoma wote, asinifundishe kazi. Akaniangalia kwa huruma, akasema basi Mungu anitie nguvu. Huruma ya nini? Ananiogopa.

Jumatano, 4 Hidari
Balaa. Bila daftari kazi inakwenda vilevile. Kwenye kahawa, kikombe cha kwanza wanapashana habari, cha pili wanakumbushana, cha tatu wanabarikiana. Asiyejua kitu ni mimi peke yangu. Nimeketi saa nzima peke yangu kusubiri mkutano, kumbe umehamishwa. Na Gashe Wolde, mzee wa kujalidi aliyeniombea kazi hapa, simuoni wiki hii. Kaenda likizo bila kuniaga. Hata yeye!

Ijumaa, 6 Hidari
Gashe Wolde amefariki jana alfajiri. Nimeambiwa na mlinzi getini.

Kwenye hema la msiba Yeshimebet kaninong'oneza, "Kaka Zerihun, si nilikuandikia? Siku tatu mzee anakuulizia wewe tu. Mbona hukwenda?"

Nimerudi maktaba kulivuta daftari. "Zerihun, Gashe yuko hospitali, anakutaka. Mpelekee miwani yake, iko droo ya gundi. Nenda leo, zamu yako nitakushikia." Miwani nimeikuta bado drooni, nikaichukua. Nimerudi kati ya rafu, nikalia sakafuni.

Jumatatu, 9 Hidari
Mkurugenzi amemkabidhi Yeshimebet daftari jipya. Yeshimebet kaja mezani kwangu: leo kahawa ni ya kumkumbuka Gashe, na kikombe changu kimeshaoshwa. Nimesema nina kazi.

Walipokwenda, nimelitia daftari jipya nyuma ya ripoti za nyuki, kando ya lile la zamani nililolirudisha Ijumaa. Miwani ya Gashe ninayo mfukoni. Wakiwa na neno nami, waandike.