Kifaduro Changu na Mkate wa Dympna

Jumatatu, 3 Machi

Kikohozi! Kifua kinabweka kama mbwa. Na Jumamosi ni zamu yangu ya Misa ya nyumbani, zamu niliyoingoja miaka. Kuta nimepaka chokaa mwenyewe. Padri Heaney kasema nikiendelea hivi Misa anaihamishia kwa jirani, Dympna Considine. Nife kwanza!

Dawa ya kifaduro ni mkate wa mwanamke aliyeolewa bila kubadili jina la ukoo. Kijiji kizima yupo mmoja. Kwa baba Considine, kwa mume Considine. Dympna huyohuyo! Na lazima umwombe. Mimi? Nimwombe yule?

Jumanne, 4 Machi

Nimepata njia. Mwenye farasi wa mabaka ukimuuliza dawa ya kifaduro, lolote atakalotamka ndiyo dawa. Nikamvizia Colman na farasi wake wa mabaka njia panda, nikamuuliza. Akacheka hadi kofia ikaanguka. "Bibi wee, kaombe mkate kwa Dympna!"

Mpumbavu. Farasi naye mpumbavu.

Alhamisi, 6 Machi

Nikaenda. Nikamwambia nataka mkate wa kuku wangu. Akauliza, "Kwani kuku wako nao wanakohoa, Gobnait?" Mshenzi! Akanipa. Nikaula wote nyuma ya ukuta wake, mkavu, bila chai.

Jumamosi, 8 Machi

Kikohozi kimekwisha. Misa ikapendeza. Tukaketi kunywa chai, na wanawake wakaanza: mkate wa Dympna hivi, mkono wa Dympna vile. Nyumbani kwangu! Midomo imejaa siagi yangu!

Kila mtu anajua dawa haishukuriwi, ukishukuru inaharibika. Basi nikasimama mbele ya Padri, nikapaza sauti: "Asante, Dympna! Asante sana! Mungu akubariki!" Iharibike, na sifa zake ziharibike nayo. Dympna akafanya ishara ya msalaba.

Jumatatu, 10 Machi

Nakohoa hadi meno ya bandia yanaruka. Nilijua! Mkate haufai kitu.

Lakini wajinga hawa wanasema eti ndiyo ushahidi: Gobnait kashukuru, dawa imevunjika, kumbe ilikuwa dawa kweli! Leo mlangoni kwa Dympna wamejipanga foleni, hata wa parokia ya pili. Padri naye kamwahidi Misa ijayo.

Kosa langu moja tu: nilimshukuru kidogo. Kesho nabeba kigoda, nakaa getini kwake. Kila mgonjwa akitoka na mkate, namshukuru Dympna kwa niaba yake.