Hatujambo kwa Asilimia Mia

Kwa heshima na taadhima, natangaza kwa umma kwamba Halmashauri ya Ihulike imekuwa ya kwanza katika ukanda wote wa dhahabu kumaliza tatizo la watoto na vijana kukosa ustawi. Hatukulipunguza, tulilimaliza, tena kabla ya saa ya chai. Natangaza mimi Valerian, Katibu wa Kamati ya Kudumu ya Upimaji wa Ustawi wa Watoto na Vijana, ili habari hii isije ikasimuliwa na watu ambao hawakuwemo kwenye kikao.

Kwa asiyeifahamu Ihulike, ukitoka Segese ukashika njia ya Runzewe utaona vumbi kwanza, kisha makarasha ya kusaga mawe, kisha bango letu: IHULIKE, HAPA MTOTO KWANZA. Nyuma ya bango kuna mwalo, yaani sehemu ambako wachimbaji wadogo huosha mchanga kutafuta dhahabu. Ukipita pale utawaona watoto wengi, miguu ndani ya tope, wakipepeta. Hawa tuliwaingiza kwenye kundi la vijana wajasiriamali, hata wale ambao meno ya mbele yalikuwa hayajaota.

Yote yalianza na waraka kutoka makao makuu ukituagiza kupima ustawi wa watoto hadi ngazi ya kitongoji. Wenzetu wa halmashauri nyingine walijitesa bure. Walipima uzito, wakauliza mtoto kala nini, kalala wapi, nani anamsikiliza akilia. Wakapata majibu ya kusikitisha, shauri yao. Sisi tuna Mkurugenzi. Bwana Sostenes ni mtu mwenye upeo, na koti lake la vifungo vitatu hufungwa kimoja tu, cha juu, kwa sababu zilizo wazi kwa yeyote anayemtazama kwa ubavu. Alitukusanya ukumbini akauliza:

"Jamani, mkitaka kujua hali ya mtoto mnamfanyaje?"

Mjumbe mmoja akataja mizani, akatazamwa mpaka akaufunga mdomo.

"Mnamsalimia!" akasema Mkurugenzi, akapiga meza.

Tulipiga makofi tukiwa tumesimama. Hivyo ndivyo kilivyozaliwa Chombo. Mpimaji anafika kwenye kaya na kishikwambi chake, anauliza, "Hamjambo?" Wakijibu, "Hatujambo," anabonyeza kitufe cha kijani, kinalia tii, kaya imestawi. Wasipojibu anabonyeza chekundu. Hakuna damu kutolewa, hakuna dodoso la kurasa arobaini, na mpimaji anarudi mapema.

Wabaya wetu watasema kwamba kwetu Usukumani salamu ni salamu tu. Ni kweli mtu anaweza kuwa ametoka kuzika, na paa la nyumba limechukuliwa na upepo, lakini ukimsalimia atakwambia, "Mhola duhu," salama tu, kisha ndipo aanze kukueleza msiba. Hilo tulilijadili kitaalamu. Maneno yanayokuja baada ya salamu tuliyapa jina la taarifa za ziada, na Chombo hakikuwekewa sehemu ya taarifa za ziada kwa ajili ya kubana matumizi.

Nilikwenda uwandani mwenyewe, maana sipendi kuongoza kwa kusimuliwa. Kaya yangu ya kwanza ilikuwa ya Mbuke, ambaye watu wanamwita Mama Asteria. Ni mjane. Nilimkuta anaanika michembe, vipande vya viazi vitamu, juu ya jiwe, na binti yake, wa miaka kumi hivi, akifukuza kuku.

"Hodi hapa!"

"Karibu baba. Mwadila."

"Mwadila mayu. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo baba, ila huyu Asteria kifua kina..."

Nikabonyeza. Tii!

"Asante sana mama, tumemaliza."

"Mimi sijamaliza."

"Ni kweli, wewe bado. Ila Chombo kimemaliza."

Akasimama na kiazi mkononi. "Basi kiulize hicho Chombo chako, kikohozi cha mwanangu kikiwekwa pale kwenye kijani kitatulia?"

Nilimweleza kwa upole kwamba swali lake ni zuri na kwamba liko nje ya wigo. Mtoto akanisindikiza hadi njiani, kwa adabu kabisa, akikohoa.

Matokeo yalipotoka, Ihulike ilikuwa na ustawi kwa asilimia mia. Usiku ule sikulala kwa fahari. Sasa, Mwongozo wetu una Kifungu cha Nne, ambacho Mkurugenzi alikiandika mwenyewe: rasilimali zote zitahamishwa kutoka kwa wenye ustawi kwenda kwa wasio nao. Watoto walikuwa wenye ustawi, hilo halina ubishi. Tukatafuta nani hana. Ikagundulika kwamba Kamati yenyewe haijawahi kupimwa, na asiyepimwa hawezi kusemwa kwamba amestawi. Kwa hiyo fungu la uji wa shule ya msingi likahamishiwa kwenye chai ya vikao. Wajumbe hawakuupenda uji, ukabadilishwa kuwa supu na chapati.

Ndani ya muda mfupi madarasa yakapata nafasi, jambo ambalo tumekuwa tukililia kwa miaka. Watoto waliokuwa wakija shuleni kwa ajili ya kikombe cha saa nne walihamia mwaloni, kwa sababu kule mwenye mwalo hugawa andazi kwa kila anayepepeta. Asteria alikuwa mmojawao. Nilimwona kwa macho yangu nikipita na gari la ofisi, anachanganya zebaki na mchanga kwenye beseni kwa mikono mitupu. Nikapunga mkono. Naye akapunga, huku zebaki inamtiririka kwenye kiwiko.

Mama yake akaja ofisini. Aliketi kwenye benchi tangu asubuhi mpaka Mkurugenzi alipomaliza supu.

"Karibu mama," Mkurugenzi akasema. "Habari za huko?"

"Mhola duhu, mheshimiwa, ila uji wa..."

"Umesikia, Katibu? Mhola. Kasema mwenyewe."

"Mheshimiwa, mwanangu yuko mwaloni. Anakohoa mpaka anashika ukuta. Turudishieni uji arudi shule, hilo tu ndilo lililonileta."

"Mama, wewe umeingia hapa ukasema salama. Sasa unataka nikufanye mwongo mbele ya watumishi?"

Mbuke akainamisha kichwa. Nilidhani analia, kumbe anafikiri, na nakiri kwamba hali ya raia kufikiri ofisini hunikosesha raha. Mwishowe akanigeukia mimi.

"Kumbe ni salamu ndiyo iliyotunyang'anya uji. Sasa mnataka tuwafundishe watoto utovu wa adabu?"

"Elimu ni haki ya kila mtoto," nikamjibu.

Akafunga khanga vizuri, akaaga kwa heshima zote, akaondoka. Jioni ile nilisikia kwamba akina mama wamekutana nyumbani kwake, na kwamba mama mkwe wake alitoka kwenye kikao akisema bora afe kuliko kusikia wajukuu zake wameshindwa kuitikia mtu mzima. Sikuelewa na sikuuliza. Niliona ni taarifa za ziada.

Sisi tulikuwa na jambo kubwa zaidi. Makao makuu waliandika kwamba wamevutiwa na Chombo, na kwamba wanamtuma Mkuu wa Tathmini, Bi Zakia, aje ashuhudie, ikibidi kitumike nchi nzima. Mkurugenzi alianza kutembea kama mtu aliyekwisha kuteuliwa. Tulikwenda shuleni kila asubuhi, Kamati nzima, tukawafanyisha mazoezi watoto waliobaki. Mkurugenzi anasimama mbele, anauliza; sisi tunaonyesha mfano, mkono juu, "Hatujambooo!" Watoto walitutazama tu. Tukaona ni haya za mgeni zinaanza mapema, tukaendelea kuonyesha mfano mpaka sauti zikakauka.

Siku ikafika. Turubai limefungwa, jenereta linanguruma, nyuma ya madarasa masufuria ya pilau ya wageni yanatoa harufu ya kumtoa mtu kwenye hotuba. Watoto wakaja wote, hata wa mwaloni, wameshikwa mikono na mama zao. Kila mmoja alikuwa na kikombe.

"Vikombe vya nini?" Mkurugenzi akaninong'oneza.

"Mapambo," nikasema.

Bi Zakia ni mwanamke mwembamba, mpole, aliyevaa viatu vya kutembea. Hakutaka kukaa kwenye kochi. Alikichukua kishikwambi mwenyewe, akasogea mbele ya watoto.

"Watoto, hamjambo?"

Kimya.

Nimeshaona mwamba ukiporomoka kwenye duara, shimo la dhahabu, na watu wakiwa chini, na sijawahi kusikia kimya kama kile. Akarudia. "Watoto wangu, hamjambo?" Hakuna aliyefungua mdomo. Bibi mmoja upande wa wazazi alijifunika uso kwa khanga, mabega yakimtetemeka. Mbuke alikuwa amesimama wima, machozi yanatiririka, hayafuti. Yule mama hakuwa na kiburi hata chembe. Aliona aibu mpaka kwenye mifupa, na bado hakumwashiria mtoto wake aitikie.

Bi Zakia akabonyeza chekundu. Kishikwambi kikatoa mlio ambao hatukuwahi kuusikia. Kisha akachuchumaa mbele ya Asteria.

"Kuna nini, mwanangu?"

"Shikamoo mama," Asteria akasema kwanza, kwa sauti ya kukwaruza. "Tuna njaa."

"Tangu lini?"

"Tangu uji uhamie ofisini."

Mkurugenzi akakimbilia maiki. "Mheshimiwa mgeni, watoto wamepigwa na jua! Tunaomba zoezi lirudiwe baada ya chakula!"

"Hakuna haja," akasema Bi Zakia. "Kundi moja limepimwa. Naona hapa kuna jingine halijapimwa kabisa." Akatugeukia jukwaani. "Wajumbe wa Kamati, hamjambo?"

Nawaomba wasomaji watuelewe. Wiki nzima tulikuwa hatufanyi kazi nyingine. Mikono ilipanda yenyewe.

"Hatujambooo!"

Tii! Kijani.

Nilimtazama Mkurugenzi, mkono wake ukiwa bado juu. Aliushusha polepole akajifanya anajikuna kisogo. Bi Zakia alikuwa ameshafungua Mwongozo na anasoma Kifungu cha Nne kwa sauti, polepole, hadi kwenye saini. Rasilimali zote zitahamishwa kutoka kwa wenye ustawi. Akaanza na gari. Akaenda kwenye mafuta ya gari, akaenda kwenye posho za vikao, akafika kwenye supu. Kila alichotaja, mwandishi wa kumbukumbu aliandika, na huyo mwandishi, kwa bahati mbaya, ni mimi.

"Hii ni dhuluma!" Mkurugenzi akasema. "Ile ilikuwa salamu tu! Tuna mahitaji sisi! Salamu haiwezi kuwa..." Akaishia hapo, kwa sababu umati wote wa wazazi ulikuwa umeinua nyuso.

"Una haki, Mkurugenzi," Bi Zakia akasema. "Mimi huwa nasikiliza mpaka mwisho. Kama huna hali nzuri, njoo hapa mbele, usimame pale alipo Asteria, useme. Nitakubadilishia iwe nyekundu sasa hivi na gari nitaliacha."

Akampa maiki.

Mkurugenzi alishuka jukwaani. Alisimama mbele ya watoto, koti limefungwa kifungo cha juu, tumbo limetangulia kidogo. Watoto wakamtazama wakisubiri, vikombe vimeshikwa kwa mikono miwili. Asteria alikuwa karibu naye kabisa. Ngozi ya viganja vyake imechanika, na alikuwa anajitahidi kuzuia kikohozi ili mtu mzima aongee. Mkurugenzi akafungua mdomo. Akamwangalia mtoto. Akaangalia wapiga picha.

"Mimi..." akasema.

"Sauti kidogo, Mkurugenzi, wazazi wa nyuma hawasikii."

"Mimi sijambo," akasema, akarudisha maiki.

Nami nilikuwa na yangu ya kusema. Nina mkopo wa nyumba na shemeji asiyeondoka. Lakini kumpinga Mkurugenzi hadharani si utumishi, na aliyefuata kuulizwa kwa majina nilikuwa mimi, nikasema sijambo. Wote tukasema hatujambo, mmoja mmoja, kwa sauti zisizofanana na za mazoezini.

Funguo za gari zikakabidhiwa kwa mwalimu mkuu, litumike kubeba unga na kuwapeleka watoto wa mwaloni hospitali. Bi Zakia akaagiza masufuria yaletwe mbele. Akina mama wakaanza kupakua pilau ya wageni, na foleni ya watoto ikapangika yenyewe kuanzia kwenye turubai mpaka barabarani.

Njia ya kutokea ilikuwa ni hiyohiyo. Mkurugenzi akaondoka kwa miguu, kandokando ya foleni, mimi nyuma yake na mafaili. Watoto wa Ihulike wamelelewa. Walipoona mtu mzima anapita, wakaanza kupiga magoti, mmoja baada ya mwingine.

"Shikamoo."

"Marahaba."

"Shikamoo."

"Marahaba."

Aliitikia foleni nzima, jasho linamtoka. Kila mtoto alipoinuka, nilimwona Mkurugenzi anapunguza mwendo, anasubiri, kwamba pengine huyu atamwuliza habari za nyumbani. Hakuna aliyeuliza. Foleni ilikuwa inasogea, na nyama zilikuwa bado zipo.