Ukuta Nilioichagulia Ndoa ya Mujinga

Leo nimekwisha, bandugu. Nimekwisha kweli kweli. Nawaandikia mimi mwenyewe kabla watu wa Kamina hawajawafikishia habari na chumvi yao juu.

(Nyinyi muko Likasi, muko salama. Mimi kesho hata kwenda kuteka maji nitavaa kofia mpaka kwenye pua.)

Munajua leo ilikuwa ndoa ya dada yangu Mujinga na Banza, yule kijana wa Bukama mwenye mabega kama mlango. Munanijua na mimi. Wengine wanapenda safari, wanapenda mupira, wanapenda kusimama njiani. Mimi napenda parseli yetu: kiti changu, kivuli changu, na ua wa majani unaonitenga na dunia. Nyinyi wenyewe njo, ndio nyinyi, mulinipa jina la Gavana wa Parseli. Sasa, katika kamati nzima ya ndoa, Shangazi Numbi akaona kazi moja tu inanifaa: kutafuta mahali pa karamu. Yaani kazi ya kutembea!

"Weye unakalaka tu," akaniambia. "Sasa utatumia miguu. Iko yako ama uliazima?"

Na mahali penyewe hapapatikani hivi hivi. Ukumbi wa kanisa, ndani wanalala watu waliokimbia vita kule kaskazini. Shule, vilevile. Baa? Baba ni mwalimu na mzee wa kanisa. Akisikia neno baa anafumba macho na kuanza kuomba. Uwanja wazi? Mvua ya mwezi huu haina adabu. Parseli yetu (niliipendekeza mimi, tena kwa nguvu) imejaa binamu mpaka jikoni.

Juu ya hayo yote kuna buko. Kwetu Baluba, buko si mchezo. Mkwe hamtazami mama-mkwe akila. Mama-mkwe naye hamwoni mkwe akifungua kinywa. Wanakula kila mmoja upande wake, ukuta katikati, mpaka siku upande wa mume utakapoleta kuku mzima, hai, wa kufungua buko. Na siku hiyo inaweza kungojewa mpaka watoto wazaliwe. Kwa hiyo Shangazi alitaka mahali pamoja, watu wa Bukama wasiseme tumewatenga kama wagonjwa, lakini pawe na pande mbili na ukuta usiotobolewa.

Mama alinishika mkono. "Mutoto wangu, minyi nakuomba kitu kimoja tu. Unifiche uso mbele ya mukwe. Ile ingine yote nitasamehe."

Nikazunguka mji mzima. (Mji mzima, yaani mpaka kwa fundi wa viatu. Nikaomba maji, nikarudi.) Wakati wa kurudi nikapita nyuma ya parseli yetu, kwenye gare ya treni. Nikasimama. Nikajipigia makofi.

Tangu vita ianze, mafuta yote ni ya basoda, askari wa vita, na treni haionekani. Majukwaa mawili ya simenti yanakaa bure, yanatazamana, kila moja na paa lake. Na katikati yao, juu ya reli, zimesimama wagoni za mizigo, za chuma, ndefu, milango imefungwa. Ukuta! Ukuta ambao hata macho ya Bukama hayapenyi. Upande huu watu wetu, upande ule watu wao. Na ukisimama pale unaona kiti changu. Nitake nini tena?

Mkuu wa gare, Papa Monga, alikuwa amelala juu ya benchi, kofia ya kazi usoni.

"Papa, hizi wagoni haziwezi kuondoka siku moja?"

"Hizi?" Alicheka mpaka kofia ikaanguka. "Mutoto, angalia chini."

Nikaangalia. Majani yamepanda mpaka juu ya magurudumu. Na chini ya wagoni ya kati, katikati ya reli, kuku wake amelalia mayai.

"Ule kuku anajua mambo ya reli kupita bakubwa ba reli," akasema. "Siku utaona hizi wagoni zinatembea, minyi nitakupa ule kuku."

Familia nzima ikanisifu. Hata Shangazi! "Kumbe ile kichwa haiko ya kuvalia kofia tu." Baba akaniita injinia mbele ya watu. Injinia! Nikalala nikitabasamu.

Basi, leo. Kanisani kila kitu vizuri. Mujinga alipendeza, Banza alitokwa jasho, Baba alihubiri kupita mchungaji. Mchana tukajaa gare. Upande wetu ngoma, upande wao ngoma, na wagoni katikati zimenyamaza kama mzee aliyenuna. Chakula kikatoka: bukari ya unga wa muhindi, sombe ya majani ya muhogo, samaki wa Bukama waliokuja nyuma ya baiskeli, na kuku. Mimi nilizunguka nyuma ya wagoni ya mwisho, nikaona kwamba wale wa huku hawaoni wale wa kule hata unyayo. Nilijivuna, bandugu. Nilijivuna sana.

Hapo mjomba wa Banza, mzee mrefu mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya Lualaba, akaniita.

"Injinia. Kuku ya mukwe iko muzuri. Lakini firigisi yake iko wapi?"

Jamani! Kuku wa mkwe bila firigisi ni kama bwana-arusi bila suruali. Ile firigisi njo heshima yenyewe. Nikazunguka mbio upande wetu, nikamuuliza Mama, maana sahani ya mkwe aliipanga yeye. Mama aliinua macho, akatazama paa.

"Pengine ule kuku alizaliwa bila."

(Huyu ni mama yangu. Anaimba sauti ya kwanza katika kwaya.)

Nikarudi, nikayasema maneno hayo hayo. Mjomba akanitazama sana. "Aa. Kuku ya Kamina iko na maajabu."

Nikaona afadhali nipotee kidogo. Asubuhi tulikuwa tumefungua mlango wa wagoni ya kati, upande wetu, tukaweka keki ndani, mbali na nzi na watoto. Nikapanda "kulinda keki". Ndani giza. Ndani hakuna mtu wa kukuuliza firigisi. Kama nyumbani! Nikavua viatu. Joto: nikavua shati. (Soksi niliziacha; nina adabu.) Nikaionja keki na kidole kimoja, upande usioonekana. Nikapumzisha macho.

NGWAAA!

Nikagonga kichwa ukutani. Nikasema bomu! Vita imekuja ndoani, haikualikwa! Halafu nikasikia honi ya treni, na dunia ikaanza kutembea. Kumbe kichwa cha treni kilikuwa kimeingia polepole, kikafungwa kwa wagoni ya mbele, na kwa kelele za ngoma hakuna aliyesikia. Nikakumbatia keki, nikakimbilia mlango. Nguzo ya paa inapita. Mwalimu wa kwaya anapita, mkono juu, mdomo wazi. Shangazi Numbi anapita.

"Shuka!" Shangazi akalia.

"Na keki?"

"Weye na keki yako!"

"Bakubwa!" nikawapigia kelele wale wa mbele. "Musimamishe! Kuko ndoa!"

Nani asimame? Ukuta wangu ulikuwa unaenda zake, na mimi ndani yake, kifua wazi, soksi miguuni, keki mikononi. Nikageuka kutazama nyuma. Wagoni ya mwisho ikapita, na pazia likafunguka.

Upande ule, Banza, tonge la bukari limefika kwenye meno. Upande huu, uso kwa uso naye, reli tu katikati, Mama. Na mkononi mwa Mama, imeumwa nusu, inang'aa mafuta: firigisi.

Ngoma zikanyamaza. Mjomba wa Banza akasimama, akanyoosha kidole, na ile sauti ya Lualaba ikanifuata mpaka mbali:

"NJO ILE!"

Treni ilisimama kule reli zinakogawanyika. Basoda wawili wakaja kuona nani analia ndani ya wagoni. Walikuwa wametumwa kuchukua wagoni za kubeba unga. Habari za ndoa hakuna aliyewapa.

"Weye nani?"

"Minyi njo nilichagula salle, ukumbi ya ndoa."

"Salle gani? Iko wapi?"

"Njo hii munakokota."

Mmoja alikaa chini juu ya mawe kwa kucheka. Mwingine alitazama soksi zangu, akatazama keki, akaniwekea mkono begani. "Kaka, sisi tunaenda ku vita. Lakini weye unarudi kwa bashemeji. Yako njo vita ya nguvu."

Nikawakatia keki. (Ule upande niliouonja.)

Nikarudi kwa miguu juu ya reli, viatu mkononi. Nilijua ndoa imekufa. Nilikuwa natafuta neno la kumwambia Mama. Nilipokaribia nikasikia sauti kubwa. Nikasema ni vilio. Nikasogea.

Vilikuwa vicheko!

Wakanihadithia: Mama alitaka kuficha firigisi ndani ya kitenge, ikamponyoka, ikaanguka, ikabingirika mpaka kwenye reli kama inamfuata mwenyewe, Banza. Mama akaitazama inavyoenda, na kucheka kukamshinda. Banza alikuwa amepiga magoti, amefunika macho na mikono miwili kwa heshima, lakini yale mabega yanatikisika. Mujinga naye alikuwa amekaa kwenye ukingo wa jukwaa, shela limepinda, anafuta machozi ya furaha.

Shangazi na mjomba wakasimama pembeni, wakaongea Kiluba kwa sauti ya chini. Mjomba akatoa hukumu. "Mukwe ameona. Mama-mukwe ameonwa. Tutaficha nini tena? Buko ifunguliwe leo. Lakini kuku muzima tutapata wapi? Yote iko ndani ya tumbo."

Halafu watu wote, mmoja mmoja, wakageuza macho kwenye reli. Pale pale, palipokuwa wagoni ya kati, kuku wa Papa Monga amelalia mayai yake. Treni imepita juu yake, naye hakusogea hata unyoya.

Nikamtazama Papa Monga. Papa Monga akatazama viatu vyake.

"Papa, ulisema nini ile siku?"

"Mumuchukue," akasema. "Mayai njo mutaniachia."

Mjomba akamshika kuku kwa mikono miwili, akampa Banza. Banza akavuka reli, akampa Mama. Na Mama, aliyeniomba nimfiche uso, akamshika mkwe wake mkono mbele ya wote. "Kula, mutoto wangu. Na unisamehe ile firigisi."

"Mama," akasema Banza, "ilikuwa tamu?"

"Sana!"

Vigelegele vikafika mpaka sokoni. Majukwaa mawili yakawa karamu moja, watu wanaruka reli kama mifereji, na tukacheza mpaka mvua ikatufukuza.

Sasa niko kwenye kiti changu. Nje ya ua watoto wanapita wamepangana mstari, wanaiga honi ya treni, na wa mwisho amevua shati. Tafadhali, nyinyi musicheke. Na siku mutakapotafuta mahali pa ndoa, musitazame paa tu kama mimi: inameni kwanza, muone kama ukuta hauna magurudumu.